August Corda: yatima aliyechora kuvu, na jina lililobaki kwenye chupa ya dawa



Katika mfululizo wetu wa historia tumeshaongea juu ya wafalme, vita, mipaka na watu waliopigania uhuru. Mara hii tunawaletea mtu wa aina nyingine kabisa. Hakuongoza jeshi. Hakuwa tajiri. Kazi yake kubwa ilikuwa kukaa mezani na hadubini, kuangalia uchafu ule mweusi na wa kijani unaoota kwenye kuta zenye unyevu, kwenye majani yaliyooza, kwenye mbao na kwenye vyakula vilivyosahaulika, halafu kuuchora. Tunaongelea kuvu, au ukungu kama wengine wetu wanavyosema.

Mtu mwenyewe aliitwa August Carl Joseph Corda. Alizaliwa 1809, akafa 1849. Miaka arobaini tu. Wengi wetu hatujawahi kusikia jina lake, lakini kuna uwezekano mkubwa kwamba wewe unayesoma hapa, au mdogo wako, au mama yako, amewahi kuchomwa sindano ya dawa ambayo jina lake linatokana na neno alilolitunga yeye. Tutafika huko. Kwanza tuanze na mtoto.

Mtoto wa Reichenberg

Corda alizaliwa katika mji ulioitwa Reichenberg, kaskazini mwa nchi ya Bohemia. Leo mji huo unaitwa Liberec na uko ndani ya Jamhuri ya Czech. Wakati ule hakukuwa na nchi ya Czech kwenye ramani. Bohemia ilikuwa ufalme chini ya kaisari wa Austria, na watu wake waliongea lugha mbili kubwa, Kicheki na Kijerumani. Reichenberg ulikuwa mji wa wafumaji na wauza nguo, na wengi huko waliongea Kijerumani.

Ndiyo maana ukisoma juu ya Corda utakuta kitabu kimoja kinamwita Mcheki, kingine Mjerumani, kingine Mwaustria. Yeye aliandika vitabu vyake kwa Kijerumani na Kilatini, akafanya kazi karibu maisha yake yote Praha, mji mkuu wa Bohemia. Sisi tunaoulizwa kila siku "wewe ni wa wapi hasa?" tunaelewa kwamba jibu wakati mwingine linategemea nani anauliza, na mwaka gani.

Wazazi wake wote wawili walikufa akiwa bado mchanga kabisa. Akalelewa na bibi yake. Masomo yake ya utotoni yalikuwa ya kuungaunga. Alipofika Praha ndipo alipopata shule ya maana kidogo, akajifunza mambo ya ufundi na viwanda, na mwaka 1827 akawa anafanya kazi katika kiwanda cha kemikali. Alikuwa na miaka kama kumi na minane.

Sasa angalieni hapa. Kijana yatima, mfanyakazi wa kiwanda, na bado muda wake wa ziada anautumia kuokota mimea midogo ambayo watu wanaikanyaga. Mwaka 1829, akiwa hajafikisha miaka ishirini na moja, alichapisha andiko la kitaalamu kwa Kilatini juu ya mimea midogo ya sehemu zenye maji, jamaa ya ile mimea ya kijani inayofunika mawe kando ya mto. Hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Alikuwa na macho mazuri, mkono wa kuchora, na tabia ya kutochoka. Wataalamu wakaanza kuuliza: huyu ni nani?

Kipindupindu kinaingia Praha

Baada ya kiwanda, Corda alisoma upasuaji Praha na akafanya kazi ya usaidizi hospitalini. Kama mambo yangeendelea hivyo, angekuwa daktari wa upasuaji na sisi tusingekuwa na habari zake. Lakini mwaka 1831 kipindupindu kiliingia Bohemia.

Wale wazee wetu waliokuwa Goma mwaka 1994 hawahitaji kuelezwa kipindupindu ni kitu gani. Mtu mzima asubuhi, jioni macho yameingia ndani, ngozi imekauka, sauti haitoki. Lakini sisi leo tuko na kitu ambacho watu wa Praha hawakuwa nacho. Tunajua ugonjwa unapita kwenye maji na chakula vilivyochafuliwa na kinyesi, na tunajua dawa ya kwanza ni kumrudishia mgonjwa maji na chumvi haraka. Mhudumu wa afya anakuja na paketi, anachanganya kwenye lita moja ya maji salama, na wagonjwa wengi wanapona.

Mwaka 1832 hakuna daktari yeyote Ulaya aliyejua hayo kwa uhakika. Wengi waliamini kwamba ugonjwa unaletwa na hewa mbaya. Tiba iliyotumika sana ilikuwa kumtoa mgonjwa damu, yaani mtu ambaye mwili wake umeshakauka maji, wanampunguzia tena. Wengine walipewa dawa za zebaki. Ni mwaka 1854 ndipo daktari John Snow wa London alipoonyesha kwamba wagonjwa wa mtaa mmoja walikuwa wamekunywa maji ya bomba moja, na mwaka huohuo Mwitaliano Filippo Pacini akakiona kijidudu chenyewe kwa hadubini. Hata hapo wengi hawakuwasikiliza.

Corda alihudumia wagonjwa katika mlipuko ule. Baada yake aliacha udaktari. Akageukia mimea na kuvu moja kwa moja.

Kwenye kikundi chetu tulibishana juu ya uamuzi huo. Mmoja wetu alisema: huyu alikimbia, watu wanakufa yeye anakwenda kuchora ukungu. Mwingine, ambaye amewahi kujitolea kwenye kituo cha kutibu kipindupindu, alisema kwamba kukaa na mtu anayekufa huku mkono wako hauna kitu ni jambo ambalo huwezi kumhukumu nalo mwenzako. Hatukukubaliana, na hatuna haja ya kudanganya kwamba tulikubaliana. Lakini jambo moja ni wazi kwenye historia: wakati ule dawa ya magonjwa ya kuambukiza haikuweza kupatikana kabla watu hawajajifunza kuona viumbe vidogo na kuvitofautisha. Kazi ya hadubini ambayo ilionekana kama mchezo ndiyo iliyokuja kuwapa madaktari kitu cha kushika mkononi.

Makumbusho ya Praha

Kazi ya Corda ilimfikia Alexander von Humboldt, msafiri na mtafiti mkubwa wa Berlin ambaye wakati huo alijulikana dunia nzima. Corda akaitwa Berlin, akakutana na wataalamu wa huko. Kwa kijana asiye na familia ya kumbeba, mlango kama huo ni nadra. Lakini hakukaa sana. Alirudi Praha, sababu huko kulikuwa na mtu aliyemhitaji, Kaspar Sternberg.

Sternberg alikuwa mtu wa ukoo wa heshima, msomi wa mimea ya kale iliyogeuka mawe ndani ya makaa ya mawe. Mwaka 1818 yeye na wenzake walianzisha Makumbusho ya Kitaifa ya Praha, na akawa rais wake wa kwanza. Katikati ya miaka ya 1830 alimpa Corda kazi ya kutunza mikusanyo ya wanyama katika makumbusho hayo. Ndiyo, mtu wa kuvu akapewa kabati za wanyama! Kazi ni kazi.

Na aliifanya vizuri. Mwaka 1834 Sternberg alipata jiwe kutoka migodi ya makaa ya Bohemia lenye alama ya nge. Corda akalichunguza na kuandika maelezo yake mwaka 1835. Huyo alikuwa nge wa kwanza wa kale kuelezwa na sayansi, mnyama aliyeishi zaidi ya miaka milioni mia tatu iliyopita. Corda pia alikata vipande vyembamba vya mashina ya miti iliyogeuka mawe, akaviangalia kwa hadubini na kuvilinganisha na mimea ya leo. Aliandika hata juu ya viumbe vya kijani vinavyoishi kwenye chemchemi za maji ya moto za Karlsbad.

Sternberg alifariki mwaka 1838. Corda akabaki makumbusho bila yule mlezi wake mkubwa. Wenzetu mnaojua maana ya kupoteza mtu mmoja ofisini ambaye ndiye pekee aliyekuwa anajua faili lako, mtaelewa.

Mabuku sita ya picha

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Mwaka 1837 lilitoka Praha buku la kwanza la kitabu kikubwa cha Corda. Kiliitwa *Icones fungorum hucusque cognitorum*, maana yake ni picha za kuvu zote zilizojulikana hadi sasa. Jina la kujiamini, si ndiyo? Buku la pili likatoka 1838, la tatu 1839, la nne 1840, la tano 1842. Picha alizichora mwenyewe.

Kwa nini picha? Sababu kuvu wengi ni wadogo mno. Uyoga unaweza kuuweka kwenye kikapu na kumwonyesha jirani. Lakini ukungu wa ukutani, ukiuangalia kwa macho tu, unaona doa jeusi na basi. Ukiuweka chini ya hadubini unaona msitu: vishina vinasimama, kila kishina kina kichwa, na kwenye kichwa kuna punje ndogo zinazoitwa spora, ambazo kwa kuvu ni kama mbegu. Spora nyingi ni ndogo kiasi kwamba ukipanga mia moja kwenye mstari ndipo unapata milimita moja. Aina mbili za kuvu zinaweza kuonekana sawasawa kabisa kwa macho, kumbe vishina na spora zao ni tofauti kama muhogo na mgomba.

Kabla ya watu kama Corda, waandishi wengi walielezea kuvu kwa maneno: nyeusi, kama unga, inaota kwenye karatasi. Maneno hayo yangeweza kuwa ya kuvu ishirini. Corda alichora kishina, akachora kichwa, akachora spora moja moja, hadi mtu aliye nchi nyingine na hadubini yake aweze kulinganisha na kusema, huyu ndiye yule. Mwaka 1839 alitoa pia kitabu kingine cha picha kubwa nzuri za ukungu wa Ulaya, na mwaka uliofuata kikatoka kwa Kifaransa. Mwaka 1842 akaandika mwongozo wa kuwafundisha wanaoanza kusoma kuvu. Yaani hakutaka kubaki na ujuzi peke yake.

Tuchukue mfano mmoja, ukungu wa karatasi ya ukutani. Nyumba za Ulaya zilipambwa kwa karatasi zilizogundishwa ukutani. Kwenye karatasi kama hiyo, katika nyumba moja ya Praha, Corda alikuta kuvu mweusi. Alipomwangalia aliona spora zimekaa pamoja kichwani mwa kishina. Akampa jina la Kigiriki, *Stachybotrys*, kutokana na neno la suke la nafaka na neno la kichala cha zabibu. Hiyo ilikuwa 1837.

Kwa karibu miaka mia moja jina hilo lilibaki kwenye vitabu vya wataalamu tu. Halafu miaka ya 1930, huko Ukraine, farasi wengi walianza kufa midomo ikiwa na vidonda na damu ikiwatoka. Watafiti wakafuatilia hadi kwenye majani makavu waliyolishwa. Majani yalikuwa yameota kuvu mweusi, na alipochunguzwa alikuwa ni yule wa Corda. Kumbe anatoa sumu. Miaka ya 1990 huko Cleveland, Marekani, watoto wachanga waliugua wakatoka damu mapafuni, na watu wakashuku kuvu huyohuyo katika nyumba zilizoingiwa na maji. Mwaka 2000 taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa iliyapitia yale matokeo upya na kusema kwamba uhusiano huo haukuwa umethibitishwa. Kwa hiyo tusitishane: doa jeusi kwenye ukuta sio hukumu ya kifo. Lakini nyumba yenye unyevu na ukungu ni mbaya kwa kifua, hasa kwa watoto na wenye pumu. Hilo halina ubishi.

Sisi tunaolala chini ya maturubai msimu wa mvua, au kwenye chumba cha kupanga ambacho mwenye nyumba hataki kuziba paa, tunasoma habari hii kwa jicho jingine. Na tukumbushane: kuvu anayetuhusu zaidi jikoni ni yule wa mahindi na karanga, anayetoa sumukuvu. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 125 walikufa kwa kula mahindi yaliyokuwa na sumu hiyo. Kuchemsha au kusaga hakuiondoi. Mahindi yaanikwe yakauke vizuri, yawekwe juu ya mbao na sio chini, na yaliyoota yasiliwe hata kama njaa inasukuma. Wale mnaosimamia maghala ya mgao, hapa tunawaomba nyinyi pia.

Jina linaloanza na "cef"

Sasa ile ahadi ya mwanzo. Katika buku la tatu la mwaka 1839, Corda alieleza kuvu mwingine mdogo, mweupe, wa kawaida kabisa. Spora zake zilijikusanya zikawa kama kichwa cha duara juu ya kishina. Kwa Kigiriki kichwa ni *kephale*. Corda akamwita *Cephalosporium acremonium*. Ukurasa ukafungwa.

Mwaka 1945, vita kuu ya pili ikiwa inaisha, profesa mmoja wa afya ya jamii aliyeitwa Giuseppe Brotzu alikuwa Cagliari, kwenye kisiwa cha Sardinia nchini Italia. Aliona jambo la ajabu. Maji machafu ya mji yalimwagwa baharini, vijana wakaogelea karibu na hapo, na bado homa ya matumbo haikuwa nyingi kama alivyotegemea. Akajiuliza kama kuna kitu ndani ya maji yale kinachoua vijidudu. Akachota maji karibu na mdomo wa mfereji, akaotesha kilichomo, akapata kuvu anayezuia vijidudu vya homa ya matumbo na vingine. Alipotafuta jina la kuvu huyo vitabuni, lililofanana naye lilikuwa lile la Corda: *Cephalosporium acremonium*.

Brotzu hakuwa na maabara kubwa wala fedha. Aliandika matokeo yake mwaka 1948, kisha kuvu wake akapelekwa Oxford, Uingereza. Huko Edward Abraham na Guy Newton walifanya kazi miaka mingi hadi wakaipata dawa yenyewe iliyomo ndani yake na kujua imejengwa vipi. Kwa kuwa ilitoka kwa *Cephalosporium*, dawa ikaitwa sefalosporini. Kutoka hapo zikazaliwa dawa nyingi za ukoo mmoja, na nyingi zinaanza na herufi cef kwenye chupa: sefaleksini, sefiksimu, sefuroksimu, na ile tunayoijua sisi sote kambini, seftriaksoni. Ule unga mweupe kwenye kichupa, unaochanganywa na maji kabla ya sindano. Anapewa mtoto mwenye homa ya uti wa mgongo. Anapewa mama mwenye maambukizi makali baada ya kujifungua.

Mwaka 1971 wataalamu walipanga upya kundi hili la kuvu. Wakaona kwamba *Cephalosporium* wa Corda anaingia ndani ya jenasi nyingine, *Acremonium*, yenye jina la zamani zaidi, na kuvu wa Brotzu akapewa jina tofauti. Kwa hiyo kwenye orodha ya kuvu, jina alilotunga Corda limefutwa. Lakini famasia zote duniani zinaendelea kuliandika kila siku bila kujua.

Ugomvi na mkimbizi Mfaransa

Tusimfanye Corda malaika. Mwaka 1847, pamoja na Ignaz Hawle, alitoa kitabu juu ya trilobiti wa Bohemia. Trilobiti ni wanyama wa baharini wa zamani sana, wenye magamba yaliyogawanyika sehemu tatu, ambao wamebaki kama alama kwenye mawe ya huko Praha. Kitabu kilikuwa na majina mapya mengi, na mengi kati yake hayakudumu, sababu mnyama mmoja alikuwa amepewa majina zaidi ya moja.

Aliyemkosoa vikali ni Joachim Barrande, na huyu naye historia yake inatuhusu. Barrande alikuwa mhandisi Mfaransa na mwalimu wa mjukuu wa mfalme Charles X. Mfalme huyo alipopinduliwa mwaka 1830, familia yake ilikimbia Ufaransa, na mwaka 1832 ikafika Praha. Barrande akaja nayo. Baadaye familia ya kifalme ikahama, yeye akabaki Praha kwa sehemu kubwa ya maisha yake, akiokota na kuchunguza mawe ya nchi iliyompokea. Alitoa mabuku makubwa kuanzia mwaka 1852, na mkusanyo wake aliuachia makumbusho ya Praha. Leo kuna mtaa mzima wa Praha unaitwa Barrandov kwa jina lake. Mtu aliyefika akiwa ndani ya msafara wa wakimbizi, mji ukaishia kubeba jina lake.

Wawili hao walikuwa wanagombania kitu kimoja: nani atangulie kuviita vitu majina. Kwenye sayansi ya viumbe, jina la kwanza kuchapishwa kwa utaratibu ndilo linalopewa haki. Ukichelewa, kazi yako inaingia chini ya jina la mwingine. Corda aliharakisha, na haraka ikamgharimu.

Bahari

Mwishoni mwa miaka ya 1840, kwa ufadhili wa mtukufu mmoja wa ukoo wa Colloredo-Mansfeld, Corda alivuka bahari kwenda Texas kukusanya mimea. Texas ilikuwa imeingia Marekani mwaka 1845 tu, na wahamiaji wengi wanaoongea Kijerumani walikuwa wanafika huko kutafuta ardhi. Kwa mtu wa kuvu, nchi yenye joto na mimea ambayo hajawahi kuiona ilikuwa kama sikukuu.

Mwaka 1849 alipanda meli kurudi Ulaya, akiwa na alivyokusanya. Meli haikufika. Ilipotea ndani ya bahari ya Atlantiki pamoja na watu waliokuwemo. Corda, masanduku yake, mimea ya Texas, na michoro yoyote aliyoifanya huko, vyote vikaenda chini. Hakuna kaburi.

Tunaandika sentensi hizi tukijua wanaozisoma. Wako kati yetu ambao ndugu zao wamo ndani ya ziwa au ndani ya bahari, na hakuna mahali pa kuweka ua. Hatutasema zaidi.

Kilichobaki

Basi kwa nini tunamjua? Sababu kazi yake haikuwa kwenye sanduku moja. Mabuku matano yalikuwa yameshachapishwa na kusambaa Ulaya nzima. Vipande vya kuvu alivyovichora, vile vilivyokauka vikawekwa kwenye bahasha, vilikuwa kwenye makabati ya makumbusho Praha. Mwaka 1852 Wilhelm Weitenweber wa Praha aliandika maisha yake na kuorodhesha maandishi yake. Mwaka 1854 Johann Zobel akakusanya michoro na maandishi yaliyosalia na kulitoa buku la sita, miaka mitano baada ya mwenyewe kuzama.

Na zaidi ya miaka mia moja baada ya buku la kwanza, mtaalamu wa kuvu Stanley Hughes, aliyefanya kazi Kanada, alizichunguza tena bahasha za zamani, zikiwemo za Corda, na mwaka 1958 akatoa kazi ya kusahihisha majina ya kuvu wengi wa aina ya ukungu. Ile *Stachybotrys* tuliyoitaja ni mojawapo. Makosa ya Corda yakaweza kurekebishwa sababu vielelezo vilikuwepo. Ambaye hakuweka kielelezo hawezi hata kusahihishwa. Anabaki neno tu.

Sisi kwenye kikundi tumekaa tukajiuliza maswali juu ya vitu vyetu. Vyeti vya shule vilivyoungua. Simu iliyoibiwa na picha zote za nyumbani ndani yake. Nyimbo za bibi ambazo mtu mmoja tu anazijua, na huyo mtu ana miaka themanini. Majina ya mimea ya dawa kwa lugha zetu, ambayo vijana waliozaliwa kambini hawayajui tena. Vyote viko kwenye sanduku moja, na sanduku liko kwenye meli.

Kwa hiyo mwezi huu tumeamua kufanya jambo dogo. Kila mmoja wetu atamfuata mzee mmoja, aandike majina ya mimea au nyoga kumi anazozijua, kwa lugha yake, na kila moja inatumika kwa nini na ipi haifai kuliwa. Anayeweza kuchora achore. Anayeweza kupiga picha apige. Halafu nakala ziwe tatu: moja kwa mwandishi, moja kwenye kikundi, na moja itoke nje ya kambi, kwa rafiki au ndugu aliye mji mwingine. Nyinyi wahudumu mnaotusoma, mkiwa na mashine ya kutoa nakala ofisini, mnajua tunachotaka kuwaomba.

Na mkiwa na maoni juu ya lile swali letu la mwanzo, kama Corda alikimbia wagonjwa wa kipindupindu au alikwenda kuwatafutia njia nyingine bila yeye mwenyewe kujua, tuandikieni. Sisi bado tunabishana.